Magurudumu ya mbio na magurudumu ya mazoezi

Magurudumu ya mbio na magurudumu ya mazoezi ni jozi mbili ambazo mwendesha baiskeli ya barabarani huzipokezanisha kwenye baiskeli moja. Jozi ya mbio huwa nyepesi au yenye umbo la kukata upepo, nayo huhifadhiwa kwa mashindano. Ya mazoezi huwa nzito kidogo, imara na ya bei nafuu, nayo ndiyo hubeba kilomita za kila siku. Zote kwa kawaida ni za kipimo cha 700C, yaani tairi hukaa kwenye ringi yenye kipenyo cha milimita 622. Kuzibadilisha ni kazi ya dakika chache tangu Mwitalia Tullio Campagnolo alipobuni, mwaka 1930, wenzo mdogo wa kufungua ekseli bila spana.

Chanzo cha mgawanyo huu ni tairi za kubandika. Kwa miongo mingi wanambio walitumia tairi ambazo tyubu yake imeshonewa ndani, kisha tairi nzima hugundishwa kwenye ringi. Zile bora zilifumwa kwa nyuzi za hariri. Fundi hupaka gundi, huiacha ikauke, hupaka tena, hubandika tairi na kuilaza usiku kucha. Ikipata pancha, sharti mshono ufumuliwe, tyubu izibwe, kisha ushonwe upya. Kutumia kitu cha gharama na usumbufu kama huo kila asubuhi ni hasara tupu, kwa hiyo mazoezi yalifanyika kwa tairi nzito zaidi, au kwa tairi za kawaida zenye tyubu ya kutoa.

Leo tofauti kubwa iko kwenye ringi na spoki. Gurudumu la mazoezi lina ringi ya alumini isiyo na kina kirefu na spoki 28, 32 au 36 za chuma, za mviringo, ambazo fundi wa kawaida anaweza kuzikaza au kuzibadilisha. La mbio mara nyingi lina ringi ya nyuzi za kaboni yenye kina cha milimita 40 hadi 60, na spoki 16 hadi 24 zilizobapwa ili zipasue hewa. Spoki moja ikikatika kati ya 32, gurudumu litayumba lakini mtu atafika nyumbani. Ikikatika moja kati ya 18, ringi hupinda kiasi cha kusugua breki au fremu, na spoki ya kuziba pengo huenda isipatikane mjini kote.

Uzito ndio husifiwa zaidi madukani, na sifa hizo zimezidi kipimo. Ni kweli kwamba gramu iliyo kwenye ukingo wa gurudumu hudai karibu nguvu maradufu ya gramu iliyo kwenye fremu pale baiskeli inapoongeza mwendo, kwa sababu husogea mbele na kuzunguka kwa wakati mmoja. Lakini mwendo ukishatulia, faida hiyo hutoweka. Tuchukue mwendeshaji ambaye yeye na baiskeli yake wana kilo 83. Akipunguza gramu 400 kwenye magurudumu, amepunguza takriban asilimia 0.5 ya mzigo wote. Katika mlima mkali wa saa nzima, ataokoa sekunde zisizofika 20. Katika njia kama ya Mashindano ya Dunia ya Kigali mwaka 2025, kilomita 267.5 zenye mita 5,475 za kupanda, sekunde hizo zina thamani kwa anayewania medali. Kwa asiyewania chochote hazinunui kitu.

Upepo una uzito zaidi katika hesabu hii. Nguvu inayohitajika kushinda hewa huongezeka kwa mchemraba wa mwendo, ndiyo maana ringi yenye kina kirefu humfaa anayekimbia peke yake kwa kasi kubwa. Mwendesha baiskeli Francesco Moser alilidhihirisha hilo Mexico City mnamo Januari 1984, alipotumia magurudumu ya sahani yasiyo na spoki za wazi na kufikisha kilomita 51.151 kwa saa moja. Gharama yake ni usukani: upepo wa ubavuni huusukuma ukuta wa ringi ya mbele, na mwendeshaji mwepesi huusikia mikononi kwenye mteremko. Hata hivyo, mara nyingi kinachohisiwa kama wepesi wa magurudumu mapya ni tairi tu. Tairi laini ya mbio iliyofungwa kwenye ringi ya mazoezi hupunguza sehemu kubwa ya pengo kwa pesa kidogo sana.

Kwenye breki za kubana ringi, kubadilisha jozi kunadai uangalifu wa kweli. Mipira ya breki iliyotumika kwenye alumini hunasa vipande vidogo vya chuma, ving'aavyo ukiitazama kwa karibu. Ukiihamishia kwenye kaboni, vipande hivyo huchimba mifereji ukutani mwa ringi. Kaboni huhitaji mipira yake yenyewe. Tena haitoi joto upesi kama alumini, kwa hiyo kubana breki mfululizo kwenye mteremko mrefu kunaweza kulainisha utomvu unaoshika nyuzi zake. Kwenye mvua hukawia kidogo kabla ya kushika. Anayeipanda kwa mara ya kwanza siku ya mashindano anajifunza mambo haya katikati ya kundi la watu, mahali pabaya kabisa pa kujifunzia. Jozi ya mbio ipandwe mara kadhaa kabla.

Gia nazo zina madai yao. Cheni iliyolegea kwa kuzungushwa na meno ya gurudumu la mazoezi itaruka kwenye meno mapya ya gurudumu la mbio. Dawa ni kubadilisha cheni mapema. Kwenye breki za diski, zilizoruhusiwa rasmi katika mbio za barabarani tangu 2018, tofauti ndogo ya mkao wa diski hutosha kuleta kelele za kusugua.

Mpaka kati ya jozi hizi haujawahi kuwa mgumu. Katika mbio za Paris–Roubaix, zenye zaidi ya kilomita 50 za mawe, mabingwa waliendelea kufunga ringi za alumini zenye spoki 32, ambazo pengine popote zingeitwa za mazoezi, hadi timu zilipoanza kuiamini kaboni. Mwaka 2010 Fabian Cancellara alishinda huko juu ya ringi za kaboni. Diski zimeulegeza mpaka huo zaidi, kwa kuwa ringi haisuguliwi tena. Kwenye breki za ringi bado una maana kamili: mchanga na maji hula ukuta wa alumini kila breki inapobanwa, na watengenezaji wengi huweka kishimo au mfereji mdogo wa kuonyesha ulaji. Alama hiyo ikifutika, ringi hutupwa, kwani ukuta uliopungua unaweza kupasuka kwa msukumo wa tairi.