Kanda za video za nyumbani: muda wa kuziokoa unazidi kupungua

Juu ya makabati na chini ya vitanda vya nyumba nyingi za Afrika Mashariki na Maziwa Makuu yamehifadhiwa masanduku yenye kanda nyeusi za video zilizoandikwa kwa kalamu: harusi, ubatizo, maulidi, arubaini ya marehemu. Deki iliyozicheza iliharibika au iliuzwa zamani. Hata hivyo, ndani ya kanda hizo huenda imo sauti pekee iliyobaki ya babu, au sura pekee ya mama katika ujana wake. Kwa familia zilizotawanywa na vita au uhamiaji, kanda moja yaweza kuwa ndiyo kumbukumbu yote iliyookolewa.

Kuzigeuza kanda hizo kuwa faili za dijitali bado kunawezekana. Muda, lakini, unazidi kupungua, na sababu kubwa si kanda zenyewe bali ni mashine za kuzisoma.

Mashine zinatoweka

Mfumo wa VHS ulizinduliwa nchini Japani na kampuni ya JVC mwaka 1976, mwaka mmoja baada ya Betamax ya Sony. Ulifuatiwa na kanda ndogo za kamera za mkononi: Video8 mwaka 1985, Hi8 mwaka 1989 na MiniDV mwaka 1995. Mwezi Julai 2016 kampuni ya Funai ya Japani, ya mwisho kujulikana kutengeneza deki za VHS, ilisitisha uzalishaji, ikitaja ugumu wa kupata vipuri. Mwaka 2019 UNESCO ilitoa tahadhari ya kimataifa kuhusu kanda za sumaku, na wahifadhi wengi waliutaja mwaka 2025 kuwa kikomo ambacho baada yake kuzisoma kungekuwa kugumu na ghali. Deki zilizobaki ni kuukuu, na mafundi wanaozifahamu wanazidi kupungua.

Kanda nazo hazikai milele. Utepe wake ni plastiki iliyopakwa unga wa sumaku ulioshikwa kwa gundi. Joto na unyevu huidhoofisha gundi hiyo. Rangi hufifia na mistari myeupe hutokea kwenye picha. Palipo na unyevu mwingi, kuvu huota juu ya utepe.

Kabla ya kuitia kwenye deki

Kosa linalogharimu zaidi ni kuijaribu kanda ya pekee katika deki isiyojulikana hali yake. Kwanza itazamwe kupitia kidirisha chake. Vumbi jeupe au madoa kwenye kingo za utepe ni dalili ya kuvu. Kanda ya namna hiyo isichezwe kabla ya kusafishwa na mtu mwenye ujuzi, kwani utepe waweza kukatika, na kuvu huhamia kwenye deki na kuziambukiza kanda nyingine.

Kanda iliyo safi ivunjwe kile kijipande cha plastiki kilicho mgongoni mwake, ili isirekodiwe juu yake kwa bahati mbaya. Kisha deki ijaribiwe kwa kanda isiyo na thamani, kama vile filamu ya dukani. Ikiwa haikuitafuna na picha imetulia, kanda ya familia ipelekwe mbele hadi mwisho na kurudishwa mwanzo mara moja, ili utepe ujinyooshe.

Mifumo ya rangi huwapotosha wengi. Kenya, Tanzania, Uganda na Oman zilitumia mfumo wa PAL; Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ilitumia SECAM; Marekani na Kanada zilitumia NTSC. Kanda ya SECAM ikichezwa katika deki ya PAL huweza kutoa picha isiyo na rangi, na ile ya NTSC hutoa picha inayoruka. Mwenye kanda hudhani imekufa, kumbe imekosa tu deki inayosoma mfumo wake. Kanda iliyotumwa na jamaa wa ng'ambo isitupwe kabla ya jambo hili kuchunguzwa.

Kutoka deki hadi kompyuta

Kwa kanda za VHS, Video8 na Hi8, picha hutoka kwenye deki au kamera kupitia waya, kwa kawaida wa njano kwa picha na nyekundu na nyeupe kwa sauti, huingia katika kifaa kidogo cha kunasia, kisha kwenye kompyuta. Palipo na tundu la S-Video, lina picha safi kuliko waya wa njano. Hakuna njia ya mkato: kanda ya saa tatu huchukua saa tatu. MiniDV ni tofauti, kwa sababu data iliyomo tayari ni ya dijitali. Hunakiliwa kwa waya wa FireWire bila kupoteza kitu, na saa moja huchukua takriban gigabaiti 13.

Anayepeleka kanda zake studio afanye vyema kupeleka moja kwanza, asizikabidhi zote kwa pamoja. Aulize kama atapewa faili yenyewe, na si diski ya DVD pekee, kwa kuwa DVD za kuchoma nazo huharibika. Aombe faili isiyobanwa sana kwa ajili ya hifadhi, na nyingine nyepesi ya MP4 kwa ajili ya kutazamwa na kutumwa. Kanda yenyewe irudishwe na itunzwe, ikisimamishwa wima mahali pakavu penye ubaridi, maana huenda ikasomwa vizuri zaidi siku nyingine.

Nakala na majina

Faili moja katika simu moja si hifadhi. Kanuni inayofuatwa na wengi ni nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja kati yake ikae mbali na nyumbani, kwa ndugu wa mji mwingine au katika hifadhi ya intaneti. Faili iliyotumwa kama video kwa WhatsApp isihesabiwe kuwa nakala, kwani hubanwa na kupoteza ubora. Aidha, waliorekodiwa faraghani waulizwe kabla ya picha zao kuwekwa hadharani.

Kazi moja haiwezi kufanywa na kifaa chochote. Kanda ya harusi ya mwaka 1991 ina makumi ya nyuso, na wanaozijua ni wazee wachache. Faili itakapokuwa tayari, wazee hao waketi na vijana, picha isimamishwe pole pole, na kila jina liandikwe pamoja na mahali na mwaka. Maelezo yao yaweza pia kurekodiwa kwa simu. Familia yenye kanda nyingi na fedha kidogo na ianze na zile ambazo watambuzi wake wako hai na umri umewaelemea, hata kama kanda hizo si kongwe kuliko zote.