Laktati ya damu katika malaria kali

Laktati ya damu ni kipimo kinachoonyesha, kwa njia isiyo ya moja kwa moja, jinsi seli zinavyozalisha nishati. Katika malaria kali, ugonjwa unaosumbua magharibi mwa Kenya, ikiwemo kaunti ya Bungoma, Shirika la Afya Duniani huhesabu milimoli 5 kwa lita au zaidi kuwa ishara ya hatari. Chembe nyekundu zenye vimelea vya *Plasmodium falciparum* hunata kwenye kuta za mishipa midogo. Tishu hukosa oksijeni, mitokondria hushindwa kuteketeza piruvati, nayo hugeuka laktati. Utafiti wa Kilifi uliochapishwa mwaka 1995 uliutaja upumuaji wa shida, ambao aghalabu hutokana na asidi kuzidi mwilini, kuwa miongoni mwa viashiria vikuu vya kifo kwa watoto. Pingamizi dhidi ya kipimo hiki ni zito: vimelea vyenyewe huzalisha laktati vikivunja glukosi, na ini lililodhoofika huchelewa kuiondoa. Lakini hilo hupunguza thamani ya laktati kama kipimo cha mitokondria tu, si kama kipimo cha hatari. Kupima mitokondria zenyewe kwahitaji seli hai na mtambo wa kufuatilia matumizi ya oksijeni. Laktati huhitaji tone la damu na kifaa cha mkononi.