Kambale wa Ruvuma: Mambo ya Kujua Kabla Hujampika kwa Mara ya Kwanza

Hela ya mboga ni ile ile, bei ya changu imepanda, na watoto nyumbani wamechoka dagaa na kisamvu. Pembeni ya meza ya samaki yupo mmoja mweusi, kichwa bapa, ndevu kama za paka, gamba hana hata moja. Bei yake mara nyingi ni nafuu, lakini waliozoea samaki wa baharini humtazama, wakakunja sura na kupita.

Huyo ni kambale, wengine humwita kambare. Kabla na wewe hujapita, soma haya.

Anatoka wapi?

Ukisimama Shimo la Mungu pale Newala, chini unaona bonde la Mto Ruvuma, mpaka wetu na Msumbiji. Kambale huishi kwenye mito, mabwawa na madimbwi ya mabondeni kama hayo. Samaki wa baharini kutoka Mtwara husafiri takriban kilomita 200 mpaka Masasi mjini, na gharama ya barafu na usafiri unailipa wewe mnunuzi.

Kambale ana kiungo maalumu kinachomwezesha kupumua hewa. Ngozi ikibaki na unyevu, anaweza kukaa nje ya maji kwa muda mrefu bila kufa. Ndiyo maana mara nyingine unamkuta sokoni bado anachezesha mkia kwenye ndoo.

Faida na hasara zake

Nyama yake ni laini na haina vile vimiiba vidogo vidogo vinavyokwama kooni, hivyo inawafaa watoto na wazee. Gramu 100 za nyama mbichi zina takriban gramu 15 hadi 18 za protini.

Hasara yake ni kichwa, ambacho ni kikubwa na kinakula uzito. Ukilinganisha bei, fikiria nyama itakayobaki, siyo ukubwa wa samaki mzima. Kichwa chenyewe usitupe, supu yake ni nzuri.

Namna ya kuchagua

• Akiwa hai, hapo umepata. Akiwa amekufa, bonyeza nyama: irudi haraka, isibonyee kama unga uliokandwa.
• Mashavu ya ndani yawe mekundu, siyo ya kahawia, na harufu isiwe kali.
• Wa kukaushwa kwa moshi awe mkavu mpaka ndani, asiwe na ukungu wala funza.
• Mara ya kwanza nunua mmoja tu. Nyumbani wakimkataa, hasara ni ndogo.

Kumsafisha kwa maji kidogo

Shida ya maji tunaijua watu wa uwanda wa Makonde, na kambale ana ute mwingi. Usianze na maji. Mpake majivu au chumvi nyingi akiwa mkavu, msugue, kisha kwaruza ute wote kwa kisu. Hapo ndipo umsuuze, maji kidogo yatatosha.

Angalia mkono wako: kila pezi la ubavuni lina mwiba mkali. Ukate kwanza. Toa matumbo, mashavu na damu nyeusi iliyoganda kwenye uti wa mgongo, maana humo ndimo harufu ya tope inapojificha. Mkate vipande, mkamulie ndimu na chumvi, umwache dakika 20.

Mapishi ya watu watano

Mahitaji: kambale mmoja wa kilo moja na nusu, nazi moja, nyanya nne, vitunguu maji viwili, kitunguu saumu, ndimu, bizari na chumvi.

1. Choma au kaanga vipande kidogo mpaka vikauke nje. Hatua hii inapunguza harufu na inazuia nyama kuvunjika.
2. Kaanga vitunguu, weka saumu, bizari na nyanya mpaka ziive kabisa.
3. Mimina tui jepesi, panga samaki, acha achemke dakika 15.
4. Malizia na tui zito kwa moto mdogo. Usikoroge, tikisa sufuria tu.

Tui la nazi likikosekana, korosho mbichi zilizotwangwa laini na kuchanganywa na maji hufanya kazi hiyo vizuri. Kula na ugali wa muhogo au wali.

Ukialika wageni

Uliza mapema. Wasabato, kwa mfano, hawali samaki asiye na magamba. Na kama watoto wanaogopa zile ndevu, kichwa kibaki jikoni siku ya kwanza.

Tahadhari moja kubwa

Kujaribu samaki mgeni siyo kujaribu kila samaki. Wa baharini anayeitwa bunju, yule anayejijaza kama mpira, ana sumu inayoua, na moto wa jikoni hauitoi sumu hiyo. Kama muuzaji hawezi kukutajia jina la samaki wake, rudisha hela mfukoni.

Kambale hana shida hiyo. Shida yake ni sura tu, na sura haiingii kwenye sufuria.