Rubondo: Kisiwa cha Sokwe na Wazinza

Sisi wa Migato miti tunaihesabu. Ndiyo maana boti kutoka Nkome iliponifikisha Rubondo nilibaki mdomo wazi: msitu hadi ukingo wa ziwa, masika na kiangazi. Wageni huja kuvua sangara na kufuatilia sokwe. Ila sokwe hao, jamani, ni wa kuja. Bernhard Grzimek wa Frankfurt aliwaleta kati ya 1966 na 1969 kutoka vizimba vya Ulaya. Wenyeji walikuwa Wazinza, wavuvi na wakulima, waliohamishwa miaka hiyo hiyo ya 60. 1977 pakawa hifadhi ya taifa. Sokwe katolewa kizimbani, mtu katolewa kwake! Usiku viboko walipanda kula nyasi. Nikawaza mashamba ya Wazinza yalikuwa upande gani.