Mary Muthoni Nyanjiru na Wenzake

Taarifa za vyama huwasifu zaidi wanaume. Safari hii twawaheshimu akina mama. Mwezi Machi 1922 serikali ilimkamata Harry Thuku, karani wa simu mjini Nairobi, aliyepinga kipande na wasichana kushurutishwa kazi katika mashamba ya walowezi. Tarehe 16 wazee waliutaka umati utawanyike. Mary Muthoni Nyanjiru akapandisha vazi lake, akawataka wanaume wampe suruali zao. Tusione haya kuliandika: kwa Wakikuyu lilikuwa tusi zito mno. Umati ukasogea, risasi zikalia, naye akafa. Serikali ilihesabu maiti 21, wanne wao wanawake. Mashahidi walitaja zaidi. Thuku alihamishiwa Kismayu, akarudi. Tutokapo Lavington kwenda mjini twasoma kibao: Barabara ya Harry Thuku.