Daftari Liko kwa Nani?

Basi la Lindi lilinishusha Nangurukuru saa nane mchana, pale barabara inapochepuka kwenda Kivinje na Masoko. Ulikuwa msimu wa korosho. Bibi yangu alikuwa ameshalipwa za mnada wa kwanza, na nyumbani kila mtu alikuwa na mpango na fedha hizo. Mjomba alitaka bodaboda. Mimi nilikuja na habari za hisa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Mbona umekonda? Huko chuoni hawapiki?"

Baada ya kula nikamweleza. Kampuni hugawa umiliki wake vipande vidogo vidogo. Ukinunua vipande, unakuwa mmoja wa wenye mali. Kampuni ikipata faida, sehemu yake hugawiwa wenye vipande, nayo ndiyo gawio. Huuzi hisa zako. Unazitunza kama mkorosho na kula matunda yake kila mwaka. Nilijiona nimeeleza vizuri sana. Bibi akatafuna kimya, kisha akauliza swali moja tu: "Na daftari liko kwa nani?"

Nasoma shahada ya uzamili katika historia, na swali hilo lilinikosesha usingizi. Mchana ule basi letu lilikuwa limepita Njia Nne, panapoanzia barabara ya Kipatimu na vilima vya Umatumbi. Huko watu waliwahi kuahidiwa fungu la mapato, na daftari halikuwa kwao.

Mwaka 1902 serikali ya Kijerumani, chini ya Gavana von Götzen, ilianzisha mashamba ya pamoja ya pamba katika wilaya za pwani ya kusini. Kila jumbe alitakiwa kuwa na shamba, na watu wake walilazimika kulilima kwa siku walizopangiwa. Kwenye karatasi mpango ulisomeka kama ubia: mapato yagawiwe mafungu matatu, moja la wafanyakazi, moja la jumbe, na moja la halmashauri ya wilaya. Mwaka wa kwanza, katika wilaya ya Dar es Salaam, kila mfanyakazi alipata senti 35 za rupia kwa kazi ya mwaka mzima. Wengine walikataa kuzipokea.

Mwishoni mwa Julai 1905, Wamatumbi wa Nandete waling'oa miche ya pamba. Vita vya Maji Maji vikaanza. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitumwa vijijini kuandika masimulizi ya wazee walioikumbuka vita hiyo. Ninaposoma kazi yao, narudi kila mara kwenye pamba. Dawa ya Kinjikitile wa Ngarambe iliwapa watu umoja, lakini hasira yenyewe ilikuwa imeshalimwa shambani. Walikuwa na theluthi bila sauti. Hawakuchagua kuingia, hawakuruhusiwa kutoka, na hawakuona hesabu.

Ndiyo maana sishangai kwamba neno hisa limekuwa na wasiwasi ndani yake katika nchi hii. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni yoyote, kumiliki nyumba ya kupangisha, au kupokea mishahara miwili. Kula faida ya jasho la mwingine kulihesabiwa kuwa unyonyaji. Mwezi ule ule wa Februari benki za biashara zilitaifishwa, zikazaa Benki ya Taifa ya Biashara. Masharti hayo ya uongozi yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991. Sheria ya masoko ya mitaji ilipitishwa mwaka 1994, na Aprili 1998 Soko la Hisa la Dar es Salaam likaanza biashara likiwa na kampuni moja, TOL, watengenezaji wa gesi ya oksijeni. Benki ile ya taifa nayo iligawanywa mwaka 1997, na kipande kimoja kikawa NMB. Mwaka 2008 wananchi waliuziwa hisa za NMB kwa shilingi 600 kila moja. Kilichochukuliwa mwaka 1967 kwa jina la wananchi wote, mwananchi mmoja mmoja akaweza kununua kipande chake miaka 41 baadaye, kama alikuwa na hizo 600.

Mimi nilianza na hisa 300 za CRDB. Kwa mwaka 2023 benki hiyo ilitoa gawio la shilingi 50 kwa hisa. Hesabu yangu ikawa 15,000; ikakatwa kodi ya zuio ya asilimia 5 inayotozwa gawio la kampuni zilizoorodheshwa sokoni, nikabaki na 14,250. Haikutosha nauli ya kuja Nangurukuru na kurudi. Lakini mwenye hisa 300 kama hizo, kwa mwaka 2019, alipata shilingi 17 kwa hisa, yaani 5,100 kabla ya kodi. Gawio langu nililirudisha kwenye hisa nyingine, kama mkulima anayebakiza mbegu. Kwa anayeanza, siri ni hiyo tu: kununua kidogo kidogo, kutoweka yote kwenye kampuni moja, kurudisha gawio, na kuipa miaka kazi yake.

Asubuhi nilimjibu bibi bila kupamba. Daftari la wanahisa linatunzwa kwenye hifadhi ya soko lenyewe, na jina lako linasomeka humo. Hesabu za kampuni hukaguliwa na watu wa nje na kutangazwa. Wakurugenzi hupendekeza gawio, na mkutano mkuu wa wanahisa huliidhinisha. Ukichoka, unauza.

Kisha nikamwambia upande wa pili. Mwenye hisa 300 ana sauti ndogo mno mkutanoni. Bei hushuka, na wanunuzi sokoni kwetu huwa wachache, kwa hiyo unaweza kutaka kuuza ukasubiri. Kuna miaka kampuni haitoi gawio kabisa. Fedha ya dawa au ya ada haina kazi huko.

Nikamtajia pia Twiga, saruji ya Wazo Hill, kampuni iliyoorodheshwa sokoni tangu mwaka 2006. Tanuri zake hutumia gesi inayotoka Songo Songo, kisiwa cha Kilwa hii hii.

"Gesi yetu?" akauliza.

"Ndiyo, bibi."

"Na gawio wanakula wa Dar."

Nilitaka kumsahihisha, nikaacha. Kwa sheria, gawio analipwa mwenye jina daftarini, awe anaishi Masaki au Nangurukuru. Lakini jina haliingii humo bila akiba, simu, kitambulisho na mtu wa kukueleza, na vitu hivyo havijagawiwa mafungu sawa.

Bibi alizigawa fedha zake mafungu matatu juu ya mkeka: bati la jikoni, dawa ya mikorosho ya msimu ujao, na fungu dogo kuliko yote akalisukuma kwangu. Mjomba aliguna akatoka nje.

"Nitakununulia kwenye akaunti yangu," nikasema, "ni rahisi zaidi."

Akaweka kiganja juu ya fedha. "La, mume wangu. Andika jina langu."

Tukatafuta kitambulisho chake cha taifa kwenye sanduku, chini ya khanga, ili nikamfungulie akaunti yake mwenyewe.