UTI isiyokwisha kurudi: kipi cha kununua na kipi cha kuacha dukani

Msomaji wetu mmoja, binti wa pwani aliyeolewa Kibugu huko Embu, ametuuliza hivi: UTI imemrudia mara nne mwaka huu, kila mara amepewa antibiotiki, na sasa ameshauriwa anunue vidonge vya kranberi pamoja na unga wa D-manosi viwe kinga. Bei yake si ya mchezo. Je, anunue? Swali hili twalisikia Mombasa, Lamu na Unguja pia, kwa hiyo tunalijibu hapa kwa kina mama wote.

Madaktari huiita UTI ya kujirudia pale mwanamke anapoipata mara 2 ndani ya miezi 6, au mara 3 ndani ya mwaka. Mara nyingi chanzo ni bakteria aitwaye E. coli. Akikaa tumboni hana neno, lakini akipata njia ya kuingia kwenye mkojo hujishikiza kwenye kuta za kibofu kwa vinyweleo vyake na kuanza kuzaana. Mrija wa mkojo wa mwanamke ni mfupi, tena uko karibu na njia ya haja kubwa, ndiyo maana maradhi haya huwapata wanawake zaidi. Si alama ya uchafu wala ya tabia mbaya, na maneno hayo ya barazani yamewazuia wengi kwenda kupimwa.

Na hapo kwenye kupimwa ndipo pesa ya kwanza ingepaswa kwenda. Utafiti mkubwa uitwao HATUA uliwachunguza watu zaidi ya 7,500 wenye dalili za UTI katika Kenya, Tanzania na Uganda. Nanyuki, upande wa pili wa Mlima Kenya ukiwa Kibugu, ilikuwa moja ya sehemu zilizochunguzwa. Mkojo wao ulipooteshwa maabara, ni kama theluthi moja tu waliokutwa na bakteria wa kutosha kuitwa UTI. Katika E. coli waliopatikana, zaidi ya nusu walikuwa sugu kwa makundi kadhaa ya antibiotiki. Maana yake ni mbili: wengi wanameza dawa za ugonjwa wasiokuwa nao, na wenye nao huenda wanameza dawa isiyomgusa mdudu. Kwa hiyo mtu ambaye UTI "imerudi" mara nne aombe mkojo wake uoteshwe kabla ya kuanza dawa nyingine. Kile kijiti cha kubadilika rangi peke yake hakitoshi kwake.

Kwetu pwani kuna sababu nyingine ya kupima. Kichocho cha mkojo kipo Kwale, Tana River, Unguja na Pemba, nacho huleta maumivu ya kukojoa na damu kwenye mkojo. Kisonono na klamidia navyo huunguza vilevile. Hakuna kidonge cha kranberi kitakachotibu kimojawapo katika hivyo. Kisukari nacho huzidisha UTI, basi na sukari ipimwe.

Tuje sasa kwenye makopo yenyewe. Kranberi ni tunda dogo jekundu, chachu mno, la Amerika ya Kaskazini. Kwenye kopo utaliona limeandikwa cranberry. Ndani yake mna kemikali zinazofupishwa PAC, ambazo humzuia E. coli asijishikize kwenye kibofu. Hazimuui, humtelezesha tu akatoka na mkojo. Mwaka 2023 jopo la Cochrane, linalokusanya na kupima tafiti za tiba duniani, lilipitia tafiti 50 zenye watu karibu 8,900. Kwa wanawake wenye UTI ya kujirudia, kranberi ilipunguza hatari kwa kiasi cha asilimia 26. Kwa waja wazito, kwa wazee wanaotunzwa kwenye makao, na kwa wasioweza kumaliza mkojo wote kibofuni, faida haikuonekana.

Asilimia 26 si muujiza, lakini si bure pia. Atakayenunua atafute kopo lililoandikwa kiasi cha PAC. Majaribio mengi yametumia miligramu 36 kwa siku. Kopo lisilotaja PAC halikuambii unanunua nini. Juisi ya kranberi ya pakiti mara nyingi imejaa sukari, na mwenye kisukari ajihadhari nayo. Anayemeza warfarini kwa ajili ya damu kuganda amuulize daktari wake kwanza. Na tusidanganywe na wekundu: juisi ya rozela ni tamu na inaburudisha, ila si kranberi.

D-manosi ni habari nyingine. Ni aina ya sukari, na hoja yake ilipendeza: E. coli angejishikiza kwenye hiyo sukari badala ya kibofu. Uingereza wakaijaribu kwa wanawake 598 kwa miezi 6, nusu wakipewa gramu 2 za D-manosi kila siku na nusu wakipewa sukari ya kawaida ya matunda bila kujua. Matokeo yalitoka mwaka 2024. Waliorudi kutafuta tiba ya UTI walikuwa asilimia 51 kwa waliopewa D-manosi na karibu asilimia 56 kwa waliopewa sukari ya matunda, tofauti ndogo inayoweza kuwa bahati tu. Sisi twasema wazi: pesa hiyo baki nayo.

Vitamini C na vidonge vya probiotiki ushahidi wao ni dhaifu, na vitamini C ikizidi inaweza kuleta mawe ya figo.

Kilichoshinda makopo mengi hakiuzwi dukani. Nchini Bulgaria wanawake 140 ambao UTI iliwarudia, na waliokuwa wakinywa maji kidogo, waligawanywa. Nusu wakaongeza lita 1.5 za maji kila siku. Kwa mwaka mzima walioongeza waliugua wastani wa mara 1.7, wenzao mara 3.2. Kwenye baridi ya Kibugu mtu hasikii kiu, anaweza kumaliza siku kwa vikombe viwili vya chai. Huku kwetu tatizo ni jasho: mtu anakunywa, lakini maji yanaishia kwenye kanga. Dafu nalo lahesabika, faida yake hapa ni maji yake. Mwenye maradhi ya moyo au figo asijiongezee maji bila ushauri. Na mkojo usibanwe. Wauzaji sokoni na wachuma chai hukaa saa nyingi kwa kukosa choo, na hilo ni jambo la kudai kwa wakubwa wa kazi.

Kujiosha ndani kwa sabuni, limau au shabu kunaua bakteria wema wanaolinda sehemu hiyo. Kuosha nje kwa maji kwatosha. Kwa mama aliyekoma hedhi, ukavu ndio humfungulia E. coli mlango, na krimu ya estrojeni ya kupaka ukeni ina ushahidi mzuri. Bibi zetu huona haya kuiuliza, basi binti amuulizie daktari.

Yote haya ni kinga, si tiba. Mwenye homa, kutetemeka, kutapika au maumivu ya ubavuni aende hospitali siku hiyo hiyo, kwani huenda maradhi yamefika kwenye figo. Mja mzito mwenye dalili yoyote asingoje hata hizo, wala asianze na kopo la dukani.